Ombi la Kupanuliwa kwa Ziwa la Juu

Mwalimu Priska (mstaafu),
nyuma ya kanisa, Mwika,
Moshi.
22 Septemba

Mhifadhi Mkuu,
Ofisi ya Ziwa la Juu,
Hifadhini.

Mheshimiwa Mhifadhi,

KUH: KUOMBA ZIWA LIPANULIWE, AU IKISHINDIKANA, LITOLEWE TAMKO KWAMBA LILIWAHI KUWA KUBWA

Poleni na baridi ya huko juu. Sisi wa huku chini kwenye migomba hatujambo, isipokuwa mtu mmoja, ambaye ndiye sababu ya barua hii.

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na sita, na katika miaka yote hiyo sijawahi kulalamikia kwa maandishi kitu kilichoumbwa na Mungu. Nimeandika kuhusu madawati. Nimeandika kuhusu paa. Mara moja niliandika kuhusu mbuzi wa mratibu wa elimu, na nilijibiwa. Ziwa ni mara ya kwanza, kwa hiyo nakuomba uisome barua hii hadi mwisho, ikiwezekana ukiwa umekaa.

Lalamiko langu ni kwamba ziwa lako ni dogo.

Najua utasema halijaanza kuwa dogo leo. Ndiyo maana inanibidi nikueleze habari za mume wangu.

Mume wangu anaitwa Filemon, ingawa wengi humwita Baba Eliona kwa jina la binti yetu. Kabla ya kunioa alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya wageni mlimani. Katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa yetu nimesikia habari za Ziwa la Juu mara nyingi kuliko nilivyosikia habari za Ziwa la Galilaya, na mimi ni mtu wa kanisani kila Jumapili. Kwa maelezo ya Filemon, ukisimama ukingoni mwa ziwa hilo ng'ambo ya pili huioni. Ukiita, mtu wa ng'ambo hukujibu ukiwa umeshasahau ulichomuuliza. Chui akinywa maji upande wa pili huonekana kama paka, na nyati kama kondoo. Mjerumani mmoja alitaka kulizunguka kwa miguu, akatumia siku mbili, na wapagazi wakalazimika kukata njia ili wamkute mbele na uji.

Haya ameyasimulia kwenye harusi zote za ukoo, kwenye vipaimara, na kwenye misiba ambayo marehemu alikuwa mzee wa kutosha. Watu wa hapa kwetu huwaambia watoto wavivu, "Hata ungetumwa Ziwa la Filemon ungekuwa umesharudi." Hivyo ndivyo ziwa lako linavyoitwa huku. Nadhani ni haki ulijue.

Sasa nije kwenye safari. Mwenyekiti wa wanawake wa usharika wetu, Mama Winfrida, aliona kwenye simu picha za watu waliotembelea ziwa hilo: Kibo kimejipindua majini, kichwa chini, na watu wa Dar es Salaam wamesimama mbele yake na makoti mapya. Akasimama kwenye kikao akasema, "Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha mlimani kwetu, na sisi tunaozaliwa na kuzikwa chini yake hatuna hata moja." Hoja ilipita bila mtu kukohoa. Tarehe tano mwezi huu, wanawake thelathini na wanane, vitenge sare, tukapanda Kosta mbili.

Asubuhi ile Filemon alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenibebea sweta la pili. Alikuwa na wasiwasi. Aliniambia, "Mama Eliona, waambie wenzako wasijaribu kulizunguka. Mtachelewa gari."

Nilifikisha ujumbe huo kwa wanawake wote, mbele ya dereva.

Gari liliishia pale penye kibao chenu, tukatembea saa moja na nusu katikati ya ile miti yenye ndevu. Mbele ya mawe makubwa mawili nikaona kidimbwi kizuri sana, maji meusi yaliyotulia. Nikafurahi, maana miguu ilikuwa imechoka. Nikamwendea askari wako, kijana anayeitwa Godwin, nikamuuliza, "Mwanangu, kutoka hapa hadi ziwani bado mwendo gani?"

Aliniamkia kwanza, shikamoo kamili, na kwa hilo nampongeza aliyemlea. Kisha akasema, "Mwalimu, ndiyo hapa."

Nikamwambia, "Hapa ndipo pa kupumzikia, nimeelewa. Mimi nauliza ziwa."

Akatazama maji, akanitazama mimi, akayatazama maji tena. "Mwalimu," akasema taratibu, kama mtu anayetoa habari za hospitali, "hakuna lingine."

Kutokana na hayo naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Ukubwa. Sikutaka kuhukumu kwa macho. Nililizunguka ziwa kwa mguu, kwa mwendo wangu wa kawaida, nikiwa nimeanza kula chapati. Nilirudi mahali nilipoanzia kabla chapati haijaisha, na sikuwa nakula kwa adabu ya kupitiliza. Wenzangu wawili walirudia kipimo hicho kwa ndizi ya kuchoma, wakapata jibu lilelile. Hata hivyo, Mheshimiwa, mlima wetu mzima ulikuwa umeenea ndani ya maji yale, na theluji yake na mawingu mawili. Mimi nilifundisha hisabati darasa la nne. Kitu kikubwa hakiingii ndani ya kitu kidogo kikabaki na nafasi. Kwa hiyo ama mlima si mkubwa, jambo ambalo hakuna Mchaga atakayelikubali, ama ziwa si dogo. Ofisi yako ina wajibu wa kueleza.

2. Hali ya hewa. Siku ile hapakuwa na ukungu hata wa kuazima. Kila jiwe la ng'ambo lilionekana, na juu ya jiwe mojawapo mjusi, na mjusi mwenyewe alionekana kuwa anatutazama. Sisemi hifadhi iamuru ukungu. Nauliza tu kwa nini wageni wengi, wenye simu nzuri, waruhusiwe kuingia siku kama ile.

3. Picha. Hapa naomba uvumilivu, maana sehemu ya lawama ni yangu. Mama Winfrida, kwa furaha, alisema tupige picha ambayo watu wa Dar hawana. Akatupanga kulizunguka ziwa. Kila mmoja akavua kitenge cha mabegani, akashika ncha ya cha kwake na ncha ya cha mwenzake, tukaanza kutanuka ukingoni. Mimi nilijua moyoni kwamba hatutafikiana. Nilisema hata kwa sauti, "Hatutafikiana." Tukafikiana. Kitenge cha mwisho kikabaki na ulegevu wa kutosha kumbeba mtoto mgongoni. Katibu wetu Pamela, ambaye ni kijana na hapandi kitu bila simu, alikuwa juu ya yale mawe. Akapiga. Nakubali kwamba ni picha nzuri. Wanawake thelathini na saba wamelishika ziwa kama watu wanaoshika nguo ya kuanika, na mlima uko katikati yetu. Lakini kama ushahidi, Mheshimiwa, ni picha mbaya kuliko zote zilizowahi kupigwa katika mkoa huu.

4. Mtandao. Huko juu una nguvu kuliko jikoni kwangu. Sina la kuongeza.

5. Matokeo. Tuliposhuka jioni, picha ilikuwa imetangulia. Ilikuwa imepita kwa wajukuu, ikapita dukani, ikatua kilabuni kwenye simu ya jirani yetu Leodegar. Leodegar ni mtu mwema mwenye ng'ombe wanne na kicheko kikubwa. Amesikia habari za ziwa miaka yote, na alikuwa akiziamini kuliko hata mimi. Nadhani ndiyo maana zilimchekesha kiasi kile. Nimeelezwa na watu sita, na wote wanaelezea sawasawa. Alimsubiri Filemon akae, apewe mbege yake, anywe funda la kwanza. Kisha akainua simu ili watu wote waone, akamuuliza kwa jina la heshima tunalowaitia wazee, "Meku, yule Mjerumani wa siku mbili, alikuwa anatambaa?"

Inasemekana kicheko kilisikika hadi kwa fundi cherehani.

Filemon hakuitazama simu. Aliweka kata yake chini ikiwa imepungua funda moja tu, akasema, "Jioni njema," akarudi nyumbani kwa njia ya mfereji, njia ambayo hupitwa na mtu asiyetaka kusalimiwa. Nilimkuta bandani akimkatia ng'ombe majani ambayo ng'ombe alikuwa ameshapewa. Nikamwambia tumerudi. Akauliza, "Mlipata jua?" Nikasema tulipata. Akasema, "Vizuri."

Tangu siku ile, Mheshimiwa, nyumba yangu ina utulivu nisioujua. Siku ya tatu nilijikaza nikamuuliza kuhusu ukubwa wa ziwa. Alinijibu maneno mawili: "Maji hupungua." Siku ya nane Leodegar mwenyewe alikuja na jani la sale mkononi, kama inavyopasa kwetu mtu anapoomba radhi, akakaa uani nusu saa akigeuzageuza kofia. Filemon alilipokea jani, akamshukuru, akamuuliza habari za ndama. Hakusimulia kitu. Leodegar alipokuwa akitoka aliniambia mlangoni, "Mwalimu, ningejua ningeichoma hii simu." Nilimwona amesononeka kweli.

Kisha Jumapili iliyopita mjukuu wetu alibatizwa. Eliona na mumewe walikuja kutoka Moshi mjini na wageni wao, tukafunga turubai, kiburu cha ndizi na maharage kikapikwa, mbuzi akachinjwa. Mshereheshaji akamwita babu aseme neno. Wenyeji wote wakajiweka sawa kwenye viti, maana neno la Filemon huwa ni la dakika arobaini, na mtu huchagua mapema upande wa kuegemea. Filemon akasimama. Akasema, "Nawashukuru wote mliokuja." Akakaa.

Watu walipiga makofi wakiwa hawajui wanapigia nini. Kuna wageni kutoka mjini waliomsifu kwa ufupi wake. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la pilau, nikalirudisha jikoni likiwa vilevile, nikasimama huko kwa muda. Kwa miaka arobaini na mmoja nimeomba kimyakimya mtu huyu afupishe hotuba zake. Sikujua kwamba maombi hayo yakijibiwa itauma namna ile.

6. Uhalali wa ndoa yangu. Hili sikutaka kuliingiza, ila haki haikamilishwi kwa nusu ya ushahidi. Mwaka niliochumbiwa, walikuja kuniposa vijana wawili. Wa kwanza alikuwa karani wa chama cha ushirika upande wa Kilema, mwenye baiskeli na kalamu mbili mfukoni. Wa pili alikuwa Filemon, mwenye miguu. Marehemu baba yangu aliwauliza wote wawili swali moja: "Umefika wapi?" Karani alisema amefika Tanga kwenye semina. Filemon alisema amefika Ziwa la Juu, akalieleza. Baba akasema, "Aliyefika kule hawezi kushindwa na kihamba cha migomba." Karani akaondoka na kalamu zake.

Unaona tunakoelekea. Ikiwa ziwa ni la chapati moja, basi baba yangu aliamua kwa takwimu zisizo sahihi. Ikiwa uamuzi wake una dosari, karani wa Kilema ana haki ya kukata rufaa, na nasikia ni mzima na alifiwa na mke mwaka juzi. Rufaa ikikubaliwa, watoto wangu wanne na wajukuu tisa, akiwemo yule aliyebatizwa Jumapili, watakuwa wamezaliwa kutokana na kosa la vipimo. Mchungaji ameshawaandika wote kwenye kitabu, kwa wino. Sidhani ofisi yako ingependa kuhusishwa na usumbufu wa namna hiyo.

Baada ya maelezo hayo, ninaomba mambo yafuatayo, moja likishindikana twende kwenye linalofuata.

Kwanza, ziwa lipanuliwe hadi ng'ambo isionekane. Sidai pande zote. Upande wa mashariki unatosha, ambao ndio watu wanaouonyesha zaidi kwa kidole kwenye picha. Usiwe na hofu ya vibarua. Sisi ni watu wa mifereji. Babu zetu waliyaongoza maji kutoka msituni hadi kwenye migomba kwa jembe la mkono na hasira kidogo. Wanawake thelathini na wanane wanaweza kuja na majembe yao, na kiburu chao.

Pili, kama sheria za hifadhi zinakataza jembe, basi litolewe tamko lenye muhuri, la sentensi moja: "Ziwa hili liliwahi kuwa kubwa." Kila mtu anajua barafu ya mlimani inapungua, inatangazwa hata redioni. Sioni kwa nini barafu iruhusiwe kupungua kwa heshima, wageni wakija kuisikitikia, halafu ziwa likipungua aonekane mume wa mtu ni mwongo. Nilimdokezea askari Godwin jambo hili palepale. Akasema, "Mwalimu, ziwa hili halijabadilika, alama za zamani ziko kwenye mwamba." Ni kijana mkweli. Naomba apelekwe kozi.

Tatu, kama muhuri nao ni mgumu, upigaji picha ziwani uwekewe utaratibu. Ziwa lipigwe picha peke yake. Nimechunguza picha nyingi za wageni, na nimebaini kwamba pasipokuwa na mtu ndani yake, ziwa lako linaweza kuwa la ukubwa wowote. Linaweza hata kuwa bahari. Tatizo ni binadamu. Akishasimama ng'ambo ya pili ukaweza kusoma maandishi kwenye fulana yake, hakuna ukoo unaoweza kujitetea.

Sikuandika haya kwa ugomvi. Ziwa lenyewe ni zuri, nakiri. Nilipokuwa nimeshika kitenge kile niliyatazama maji, nikajisahau kidogo, mpaka Pamela akaita kutoka juu, "Mwalimu, huku kwenye simu." Nadhani ndilo ziwa zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, na ningelisifu kila mahali kama lisingekuwa limenyamazisha nyumba yangu.

Naacha kalamu hapa nikitumaini utaipa barua hii uzito ambao mwandishi wake ameshindwa kuupunguza. Wasalimu askari wote wa zamu, wanaofagia njia, mama anayeuza chai langoni, mkeo na watoto popote walipo, na chui, kama yupo. Mama Winfrida anakusalimu. Mchungaji anakusalimu ingawa hajui ninakuandikia. Leodegar anakusalimu sana na anaomba asitajwe.

Wako katika kulitafutia ufumbuzi suala la maji,

Mwalimu Priska (Mama Eliona)

N.B. 26 Septemba. Barua hii imekaa siku nne ndani ya Biblia yangu ikisubiri mtu wa kwenda mjini, na nafasi iliyobaki nimeijaza kama ifuatavyo.

Jana alasiri nilimsomea Filemon. Huwa namsomea kila barua kabla haijatoka, na sikuona sababu ya kuvunja desturi. Alikuwa amekaa juu ya kigogo akimkatakatia ng'ombe mgomba. Alisikiliza hoja zote panga likiendelea. Nilipofika kwenye ile ya sita, panga likasimama. Nilipomaliza akasema, "Usiipeleke." Kisha akasema, "Nionyeshe hiyo picha."

Ndipo nilipotambua kwamba alikuwa hajaiona. Watu wote wa Mwika wameiona, yeye hajaiona. Nikamletea simu. Akafuta mikono kwenye suruali, akaishika kwa mikono miwili, akaikuza kwa vidole kama anavyoona wajukuu wakifanya. Alitazama kwa muda mrefu hadi ng'ombe akaanza kulalamika. Akauliza, "Wewe ni yupi?" Nikamwonyesha: yule asiyetazama simu.

Akasema, "Ni zuri."

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Sijawahi kufika."

Akaendelea mwenyewe, bila haraka, lakini safari hii bila chui na bila nyati. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku hizo hapakuwa na barabara. Walipanda siku mbili wakiwa na mizigo kichwani. Kwenye kambi ya mwisho, ambayo kwa maelezo yake ni palepale penye kibao gari linapoishia sasa, aliteleza kwenye mawe akateguka mguu. Wenzake wakamwachia mizigo ailinde, wakaenda na wageni asubuhi, wakarudi jioni. Walikuwa wamechoka na wamefurahi. Hakuwauliza ziwa likoje, kwa sababu aliona aibu, na wao hawakusimulia, kwa sababu walidhani ataumia. Akashuka mlima mzima akichechemea nyuma yao. "Ukubwa wake niliupanga mwenyewe," akasema, "nikishuka."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata mimi, miaka yote hiyo.

Akasema, "Baba yako aliuliza nimefika wapi. Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Ningesema nimefika kambini?"

Mheshimiwa Mhifadhi, naondoa malalamiko namba moja hadi tano. La sita naliondoa pia, na karani wa Kilema namtakia maisha mema hukohuko aliko. Ombi la kupanua ziwa limefutwa, na kama umeshaagiza watu, tafadhali warudishe. Tunakuja Alhamisi, sisi wawili, Leodegar ametuombea gari la shemeji yake. Liache ziwa lilivyo. Kwa mguu wake wa sasa na fimbo yake, nimepiga hesabu, kulizunguka kutatuchukua tangu chai ya saa nne hadi jua lianze kupoa, na hicho ndicho kipimo tunachokihitaji.

Kuna jambo moja dogo. Langoni mna kitabu cha wageni, chenye sehemu inayouliza kama umewahi kufika. Mwezi huu Mama Winfrida alituandikia wote. Filemon ameomba Alhamisi asiandikiwe na mtu. Anasema hapo atajaza mwenyewe.